Utepe wa Njia Panda

Kwenye basi la kutoka mbio za msituni, dada mmoja mwenye miiba kwenye soksi alikuwa akimlalamikia kijana aliyeketi naye, mkimbiaji mwenzake. Mimi nilikaa ng'ambo yao, na masikio yangu hayajazeeka.

“Kaka, nilikuwa wa tatu! Nafika njia panda, ule utepe mwekundu wa kuonyesha njia haupo. Nikashika kushoto, nikatokea kwenye zizi la ng'ombe. Nimemaliza wa mwisho.”

“Pole, dada.” Jasho lilimtoka, na dirisha liko wazi.

“Wewe ulipitaje?”

“Mimi nilipofika... ulikuwepo.”

“Basi mwizi alikuwa nyuma yako!”

“Labda alikuwa na shida.”

“Shida gani ya utepe? Ana harusi?”

Kijana akacheka jino pembe, akavuta miguu chini ya kiti. Ndipo nikaona kiatu chake cha kulia. Soli ilikuwa imeachama kama mdomo wa chura, naye alikuwa ameifunga kwa utepe mwekundu, mafundo mawili.

Basi liliposimama, nikamgusa bega. “Mjukuu wangu, shuka polepole. Fundo linalegea.”

Dada naye akainama kutazama ni fundo gani.