Jante za Bayingana

JOSÉPHINE: Alo? Alo, nani uko ku simu?

MUKABARANGA: Alo, mama, jambo sana. Hunijue. Ni wewe Joséphine-Marie wa Walikale, mama ya Symphorien?

JOSÉPHINE: Ni mimi. Sauti yako inakatika-katika. Nani anaongea?

MUKABARANGA: Naitwa Mukabaranga, niko Kirolirwe, huku Masisi. Namba yako nilipewa na mama mumoja wa parokia. Unisamehe nakusumbua asubui. Kuko neno watu wanapitisha ku barabara. Nilikataa kuliamini, lakini likikuja usiku linakaa na mimi mu kitanda.

JOSÉPHINE: Neno gani? Ngoja nitoke inje, réseau ya simu iko mubaya mu nyumba... Bon. Sema.

MUKABARANGA: Wauza maziwa wa Mushaki wanasema zile jante za rangi ya dhahabu, chuma za magurudumu, hazikuharibika na gari ku ile ajali. Eti mutu wa pikipiki alizibeba mupaka Walikale, na sasa ziko ku gari ya mutoto wako, na pneu pana nyuma, mipira ya upana ule ule. Ni kweli?

JOSÉPHINE: Wewe njo mama ya ule kijana.

MUKABARANGA: Njo mimi. Mama Bayingana.

JOSÉPHINE: Oo, mama. Pole. Pole sana. Tulisikia habari ya kijana yako, tuka—

MUKABARANGA: Ya watoto wangu.

JOSÉPHINE: Watoto? Huku walisema kijana tu.

MUKABARANGA: Na dada yake, Mahoro. Alikaa nyuma, anaongea na mimi ku simu. (kelele ya réseau) Alo? Alo?

JOSÉPHINE: Niko. Niko hapa, mama.

MUKABARANGA: Niambie tu, jante ziko ku gari?

JOSÉPHINE: Ziko. Lakini usiogope. Tulijua zilitoka ku gari ya marehemu, hatukuziweka ovyo. Papa Léonard, kaka ya bwana yangu, alizimwangia maji ya majani, vile wazee wanafanyaka huku kwetu mu pori. Kisha katekista naye akaziombea. Zimeoshwa kuliko sisi wenyewe!

MUKABARANGA: Mama Symphorien—

JOSÉPHINE: Kama mutoto wako alikuwa na kasirani, sasa imetulia. Njo maana—

MUKABARANGA: Mutoto wangu hana kasirani na mutu! Hakuwa nayo akiwa muzima, ataitosha wapi sasa? Sikiliza. Haikuwa roho iliwaua. Ilikuwa pneu.

JOSÉPHINE: Pneu namna gani?

MUKABARANGA: Ni pana. Pana kuliko ile gari inaweza kubeba. Maji ya majani hayawezi kuipunguza. Bayingana alitaka gari yake ya mbio ionekane nyuma. Alikuwa anasemaka, gari bila matako si gari.

JOSÉPHINE: (anacheka kidogo) Ayi! Na wangu anasemaka vile vile! Neno kwa neno! Unisamehe, mama. Nimecheka mubaya.

MUKABARANGA: Hapana, cheka. Mimi pia nilichekaka. Symphorien iko wapi sasa?

JOSÉPHINE: Iko hapa inje, anafuta vioo. Anapeleka wamama wa kwaya ku harusi, kule goudron, barabara ya lami, inapita. Wako tano, na Mama Élisabeth peke yake anajaza siège, kiti yote ya nyuma.

MUKABARANGA: Leo?

JOSÉPHINE: Sasa hivi. Wanangoja tu wamalize kupiga picha.

MUKABARANGA: Mama, nakuomba. Nenda ku gari. Azime moteur kwanza.

JOSÉPHINE: Lakini alipima, mama! Yeye na mutu wa kwado, ule anatengenezaka pneu. Walizungusha, hakuna pahali inagusa.

MUKABARANGA: Gari ilikuwa na watu ndani?

JOSÉPHINE: Ku kupima? Hapana. Watu wa nini?

MUKABARANGA: Yetu pia walipima tupu. Nenda, mama. Na mimi sikate simu.

JOSÉPHINE: Bon, nakwenda... Symphorien! Zima hiyo! Zima, nimesema! ...Imezimika. Nifanye nini?

MUKABARANGA: Ingiza mukono juu ya pneu ya nyuma, kati yake na ile chuma ya gari inaifunika.

JOSÉPHINE: Vidole vinapita. Vinapita muzuri, unaona?

MUKABARANGA: Tosha mukono inje. Waambie wamama wapande.

JOSÉPHINE: Wote?

MUKABARANGA: Wote, vile watasafiri. Na mizigo yao.

JOSÉPHINE: Wamama, pandeni! ...Hapana, siyo kwenda, pandeni tu... Mama Élisabeth, usinicheke, panda! (milango inapigwa) Gari inashuka, kweli. Narudisha mukono...

MUKABARANGA: Polepole.

JOSÉPHINE: Haiingie. Hata kidole kidogo. Hata ukucha, mama! Chuma imekaa juu ya pneu. Na kuko alama ku pneu, inazunguka, kama mutu alipitisha kisu.

MUKABARANGA: Njo hiyo. Imeanza kukatwa. Ku shimo moja inapasuka.

JOSÉPHINE: Yesu wangu. Shukeni! Shukeni wote! ...Symphorien anauliza kama ninapata wazimu. Anasema bibi-arusi anangoja, atakwenda polepole.

MUKABARANGA: Wangu pia alikwenda polepole. Ku zile kona za Mushaki nani anakimbiaka? Ilipasuka, gari ikageuka kichwa, ikashuka mu bonde. Muwambie.

JOSÉPHINE: Amekasirika, ananitolea macho. Ngoja... Leta hapa! (kelele, watu wanacheka) Bon. Funguo nimeiweka mu kifua, mu sutien. Aje aitoshe mbele ya kwaya!

MUKABARANGA: (anacheka, kisha analia)

JOSÉPHINE: Mama Bayingana? Mama?

MUKABARANGA: Niko. Asiendeshe, unasikia? Hata bila watu.

JOSÉPHINE: Haendeshe. Leo tutatembea na miguu, na Mama Élisabeth atatembea. Ngoja, kijana amekuja karibu. Nimemuambia ni wewe nani. Anataka kukusalimia.

(Sauti ya kijana, mbali: "Jambo, mama. Ni Symphorien.")

JOSÉPHINE: Umemusikia?

MUKABARANGA: Nimemusikia. Iko na sauti muzuri. Wewe mama yake, umusikilize kila siku.

JOSÉPHINE: Jante zitatoka leo, nakuapia. Unataka zirudi kwako?

MUKABARANGA: Nitaziweka wapi? Hapana. Asirudishe hata ile pneu ku gari, wala asimupe mwingine. Mama, unité ya simu yangu iko naisha. Shika haya, na uwambie wamama wengine wenye vijana na magari:

Asiweke pneu pana kwa kuwa inapendeza macho.

Asiweke pneu pana ku jante nyembamba, inafura kandokando.

Asiongeze kile chuma cha kusukuma jante inje, ili tu pneu ipate nafasi.

Asipime gari tupu kisha apakie watu.

Asinunue pneu ama jante bila kuuliza zilitoka gari gani.

Asikubali maji na maombi pahali pa kanika, fundi wa magari.

Asiendelee akisikia harufu ya mpira unaungua.

Asiogope kuchelewesha harusi.

Na dada yake akisema kutoka nyuma, kaka, kuko kelele huku, asimucheke.