Vyuma vya Ukutani Vilivyokuwa Juu Mno

Tangu lini mzazi akamsomea mwanawe wasifu? Mama wa marehemu aliwauliza hivyo waliomletea karatasi. Aliposhindwa kuwakwepa, akataka isomwe kama alivyoitamka, bila kupambwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Aprili 1979, kifungua mimba, akitanguliza miguu. Mkunga akasema huyu atawasumbua. Hakusumbua, alirefuka tu akampita mama yake kichwa kizima. Alisoma shule ya msingi ya jirani, sekondari ya bweni, kisha chuo cha afya, akatoka na kazi ambayo mama yake hakuielewa: kuwarudisha waliopooza na walioumia kwenye shughuli zao za kila siku.

Hakuanza kwa kuuliza mtu anaumwa wapi. Aliuliza, "Kesho ukiamka, unataka kufanya nini mwenyewe?" Kisha aliketi kimya akamtazama akijaribu, pale pale nyumbani kwake, mpaka aone mkono unakwamia wapi. Ndipo wanapatana juu ya lengo, mazoezi yanaanza kidogo kidogo, nyumba nayo inarekebishwa, naye hamwachi mtu mpaka aje apime tena. Seremala mmoja alitaka kupiga randa, akaanzishwa na kijiko.

"Dada, mimi si mtoto."

"Basi kula kama mzee, usimwage."

Leo anaranda mbao.

Mwaka 2004 aliolewa na dereva wa malori, mtu wa safari, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka juzi alipeleka fundi kwa mama yake, akafunga vyuma vya kushikilia msalani na kando ya kitanda cha wageni. Mama akanuna, miguu yake anayo bado. Tena vilikuwa juu mno, vinamfika begani. Aliyepima nyumba za watu miaka yote, akosee ya mama yake?

"Mwanangu, umekosea kipimo."

Mwanawe alikuwa anahangaika na kifungo cha blauzi. Hakuinua macho.

"Sijakosea, mama. Si vyako."

Alikuwa amejitazama kama alivyowatazama wengine, akajua mkono umeanza kukwamia wapi na utaishia wapi. Ulikuwa ugonjwa wa kunyausha misuli, usiosikia dawa wala mazoezi. Alihamia kwa mama akitembea. Chuma cha msalani kikamshinda, kisha cha kitandani. Alifariki tarehe 9 Juni mwaka huu, adhuhuri, mikononi mwa mama yake.

Ameacha mume, mabinti wawili, mdogo wake wa kiume, na mama aliyepaswa kutangulia. Mungu ampumzishe, amechoka.

Na ninyi aliowarudishia mikono, mama yake anawaona mmejificha nyuma. Vijana wakae pembeni. Njooni mbele, shikeni koleo kwa mkono ule ule, mmfukie wenyewe.