Ukubwa wa Zamu: Wasifu wa Mama Soli

Huyu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1986, nyuma ya soko, katika chumba ambacho nusu yake ilikuwa kitanda na nusu karakana ya viatu. Alikuwa kifungua mimba wa fundi viatu na mkewe, mshonaji wa mapazia. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyo alisikia nyundo kabla ya kusikia jina lake, na huenda ndiyo maana hakuwahi kushtushwa na kelele za mtu. Miaka sita baadaye alizaliwa mdogo wake wa kike, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu. Alimbeba mgongoni mdogo wake huyo mpaka watu wakaanza kumwuliza kama mtoto hana miguu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1993 na kumaliza kidato cha nne mwaka 2004. Walimu walimkumbuka kwa kujibu bila kuitwa, na kwa kiatu cha mwalimu wa hesabu. Mwalimu huyo alikuwa na mazoea ya kuvua viatu chini ya meza wakati wa kusahihisha madaftari. Siku moja alipapasa kwa mguu akakuta kimoja tu. Kuinua macho, akamwona binti wa dawati la mbele ameinama, sindano mkononi.

"Unafanya nini wewe?"

"Nashona kiatu, mwalimu."

"Cha nani?"

"Chako. Kilikuwa kinacheka."

"Na hesabu nilizowapa?"

"Hizo hazikuwa na haraka."

Hesabu alipata chache sana. Kiatu kilidumu mpaka mwalimu akastaafu, na yeye mwenyewe alikuwa akikionyesha kwa watu.

Mwaka 2005, macho ya marehemu baba yao yalipoanza kufifia, alirithi benchi lake kwenye ukuta wa posta. Wateja wapya walimpita wakimtafuta mwanamume. "Fundi yuko wapi?" "Umeshamwona." "Nasema mwenye kazi." "Kaa. Vua." Walikaa, wakavua, na mwezi uliofuata wakarudi na viatu vya wake zao. Jina la Mama Soli alipewa hapo hapo, hata kabla hajawa mama wa mtu. Hakulikataa. Alisema jina la kazi halichakai.

Tarehe 18 Desemba 2010 alifunga ndoa na dereva wa lori la mizigo, kijana mpole aliyekuwa akimletea buti zile zile kila juma. "Buti zako hazina ubaya wowote," alimwambia mwishowe. "Sema shida yako." Akasema. Walijaliwa mabinti wawili: wa kwanza mwaka 2013, ambaye nyumba nzima humwita Dada, na wa pili mwaka 2016, ambaye kwa umbo lake aliitwa Kiduchu, ingawa sauti yake haijawahi kuwa ndogo. Agosti 2021 mumewe aliugua ghafla akiwa safarini, akafariki dunia.

Baada ya maziko yake ukoo ulikaa kikao. Kwa nia njema kabisa ilipendekezwa kwamba mjane apunguziwe mzigo: Dada aende kwa bibi yake mzaa baba, Kiduchu achukuliwe na shangazi. Mama Soli alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Kisha akauliza, "Kiatu kimoja kikienda kwa bibi na kingine kwa shangazi, nani atavaa?" Kikao kikaishia hapo. Lakini yeye hakulisahau jambo lile, kwa sababu alijua likizimwa leo litawaka kesho.

Maisha yake na mabinti hawa yalikuwa ya kawaida, na humo ndimo alimowekeza akili yake yote. Asubuhi kulikuwa na soksi moja isiyoonekana, chai ya moto kupita kiasi, na viatu vilivyopangwa mlangoni vikimeta. Alasiri mabinti walitoka shule wakaenda moja kwa moja kwenye benchi, wakaandika kazi zao za nyumbani juu ya sanduku la brashi. Kiduchu alipoanza kusoma kwa sauti, mama yake aliamua kwamba wateja wanaosubiri wamsikilize. Mtu aliye pekupeku hana pa kukimbilia. Karani wa benki, mwuza mayai, hata askari mmoja, wote walisikiliza habari za sungura na jedwali la saba mara saba huku vidole vya miguu vikipigwa na upepo.

Walichokuwa wakigombania mabinti nyumbani ni ukubwa. Dada alizoea kuamuru. Kiduchu alizoea kulia. Mwaka Kiduchu alipoingia darasa la kwanza, mama yao alichoka kuamua kesi. Akaufunga ufunguo wa nyumba kwenye kamba ya kiatu, akatangaza kwamba kuanzia Jumapili ile ukubwa utakuwa wa zamu. Aliyevaa ufunguo shingoni ndiye mkubwa wa wiki: anaamua mboga, anaamua nani aoge kwanza, anafunga mlango jioni. Lakini ndiye anayepakua na kula wa mwisho, na likiharibika jambo anaulizwa yeye. Mama naye alikuwa chini ya ufunguo kama mtu mwingine. Dada alipolalamika kwamba amepewa kazi na si ukubwa, aliambiwa, "Ukubwa ni jalala, mwanangu. Hujawahi kusikia?"

Wiki ya kwanza ya Kiduchu, mama yake alirudi kutoka kazini Jumamosi mchana, mgongo ukimuuma. Kiduchu alimtazama akatoa amri. "Mama, umechoka. Kalale. Mlango nitafunga mimi."

Akaenda kulala. Punde akaja mwenye nyumba waliyopanga, suti imenyooka, anataka viatu vyake alivyoleta kushonwa aende harusini.

"Mama yako yuko wapi?"

"Amelala. Nimemwambia alale."

"Basi mwamshe, mjukuu wangu. Nachelewa."

"Amechoka. Njoo kesho."

"Unajua mimi ni nani?"

"Najua, babu. Lakini mwenye ufunguo ni mimi."

Mwenye nyumba alikwenda harusini na kandambili. Mama Soli alikuwa macho muda wote, amejiziba mdomo kwa mto asisikike akicheka, na hakutoka kitandani. Kesho yake alimpelekea viatu mwenyewe na kumwomba radhi, lakini amri ya Kiduchu hakuitengua. Mdogo wake alimwambia kwamba anamharibu mtoto. Akajibu bila kuacha kazi iliyokuwa mikononi mwake: "Siku nikikosekana, sitaki abaki mmoja aliyezoea kubebwa na mwingine aliyechoka kubeba." Mdogo wake alikubali, maana yeye mwenyewe alikuwa amebebwa sana.

Mwezi Januari mwaka huu wa 2025 alianza kuumwa tumbo. Uchunguzi ulionyesha saratani ya ini. Aliendelea kwenda benchini hadi Julai, kisha akalazwa hospitali kuu, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Kutoka hapo alikagua viatu vya kila daktari aliyepita, na wawili kati yao aliwaambia ukweli.

Mwishoni mwa Septemba jambo lile la zamani liliwaka tena. Shangazi, ambaye anawapenda watoto hawa na hakuna anayelitilia shaka hilo, alikaa kando ya kitanda akasema kwa upole, "Wifi, nina nafasi ya mmoja tu. Mwingine mama yangu angemchukua. Tusidanganyane, muda hautusubiri."

Mama Soli alifumba macho kidogo. Kisha akauliza, "Ufunguo uko kwa nani wiki hii?"

"Kwangu, mama," alisema Dada.

"Basi mjibu shangazi yako."

Dada alisimama. Ana miaka kumi na miwili. Alimshika mdogo wake mkono. "Ahsante, shangazi. Hatuendi mmoja mmoja. Tutabaki nyumbani kwetu."

"Na nani, mwanangu?"

"Na mama mdogo. Yeye ana chumba kimoja, sisi tunavyo viwili. Atahamia kwetu."

Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai. Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Alisema, "Nitahamia," na tangu siku hiyo hajajuta. Shangazi alilia, akawakumbatia wote wawili kwa pamoja, akaahidi kuja kila mwisho wa mwezi. Mama Soli alimwita mdogo wake karibu. "Nawe utaingia kwenye zamu," alisema. "Lakini utaanza baada ya Kiduchu. Usijifanye mkubwa."

Jumapili ya tarehe 5 Oktoba alimvalisha Kiduchu ufunguo kwa mikono yake mwenyewe, akafupisha kamba ili usimgonge tumboni. Alhamisi ya tarehe 9, saa kumi alasiri, watoto wakiwa wametoka shule na wameketi pande zote mbili za kitanda chake, alifariki dunia.

Ameacha mama mzazi, mabinti wawili, mdogo wake mmoja, mama mkwe, wifi, na viatu vya watu kumi na wanne ambavyo wenyewe wanaombwa wavifuate nyumbani. Amewaacha mabinti wake pamoja, chini ya paa moja. Hilo ndilo alilolitaka, na amelipata.

Kesho ni Jumapili, na ufunguo utahamia kwa mama mdogo, zamu yake ya kwanza. Lakini leo ungali shingoni mwa Kiduchu. Kwa hiyo wasifu huu ulipokuwa ukiandikwa aliulizwa yeye, kama mkubwa wa wiki, umalizike vipi. Alifikiri, akaushika ufunguo, akasema:

"Andika mama amechoka, alale. Mlango nitafunga mimi."