Sanduku Lililokwenda Las Vegas

Walio wa kanisani nawasalimu kwa jina la Bwana. Walio wa msikitini, asalaam aleikum. Na nyie mliofuata maandazi, karibuni pia, sisi hatumfukuzi mtu. Mwenyekiti amenipa dakika kumi. Nimemwambia mimi dakika kumi nazimaliza kwa kusalimia tu, lakini leo nitajitahidi, maana habari yenyewe si ya kurefusha kwa raha.

Wengi mnanijua. Mimi ndiye yule mama wa hapa Skärholmen anayelea wazee wa Kiswidi, yule mliyekuwa mnamsifu kwamba hajapoteza mzigo wa mtu hata siku moja. Wale mliozaliwa huku labda hamlielewi hili la mizigo, ngoja niwafafanulie. Mtanzania akisema anakwenda nyumbani, haendi peke yake. Ataletewa viatu vya shule vya mtoto wa mtu, dawa za kuchua, simu iliyotumika, kitambaa cha sare ya harusi. Nguo zake mwenyewe ataziweka kwenye mfuko wa mkononi. Wala hakatai, kwa sababu na yeye ameshawabebesha wenzake. Ndivyo tunavyoishi, na nilikuwa najivunia sana hilo.

Basi, majira ya baridi ya mwaka juzi nilikuwa nimeshazama kwenye kamari. Si ile ya mezani mnayoifikiria. Ya kwenye simu. Nilianza wakati wa mapumziko kazini, kile chumba cha kunywea kahawa, wenzangu wanafuma sweta na mimi nabonyeza. Saa tisa mchana kumeshakuwa giza, nyumbani niko na binti yangu anayekaa na mlango wake umefungwa, nikawa nabonyeza na huko. Siku moja nikashinda fedha ya maana. Ndugu zangu, nawaambia, laiti ningepoteza siku ile. Aliyeshinda hana wa kumshauri.

Nikasema fedha hii nitaitumia kwenda Las Vegas. Niliona tangazo, hoteli zimeshuka bei baada ya mwaka mpya. Nikawaza: ni jangwa, kuna joto, nitapumzika na theluji, na mashine nitazikuta zenyewe, siyo picha zake. Likizo kazini nikapewa. Sasa niwaambie watu ninakwenda wapi? Mama wa miaka hamsini na tatu, mshiriki wa kwaya, anakwenda Amerika kucheza kamari? Nikasema ninakwenda Dodoma kumwona mama yangu. Niliona ni uongo mzuri, hauna maswali. Hata binti yangu nilimwambia hivyohivyo.

Mnacheka? Nanyi mmeshaona nilipokosea. Siku ya tatu mizigo ikaanza kuingia.

Ningesema nini? Kilo zimejaa? Mnajua wote kwamba mimi huwa sina nguo za kujaza sanduku. Likajaa sanduku zima, lile la bluu. Na wa mwisho kuja alikuwa dada mmoja, yumo humu ndani, amenipa ruhusa nisimulie na jina lake nalihifadhi. Alikuja na kiboksi kidogo amekizungushia utepe wa gundi mara nne. Ndani kuna vifaa vya kusikilizia vya baba yake. Mzee yule anakaa mtaa wa pili kutoka kwa mama yangu. Masikio yake yalikuwa yameziba kabisa, na dada huyu alihangaika miezi mpaka akavipata. Akaniambia, "Nimechoka kupiga kelele kwenye simu. Nataka baba anisikie nikiongea sauti yangu ya kawaida."

Na kwa wema wake akanipeleka uwanja wa ndege kwa gari lake. Ndiyo maana sanduku sikuweza kuliacha nyumbani. Alinishusha mlangoni, akanikumbatia, akasema nimsalimie mama. Nikaingia, nikalikabidhi sanduku kwenye ndege ya Amerika.

Niwaambie kuhusu jangwa. Jangwa lina baridi! Nilitoka uwanjani na malapa, upepo ukanipiga mpaka meno yanagongana. Milima inayozunguka mji ina theluji juu. Mimi nimekimbia theluji nimeikuta inanisubiri. Bwawa la kuogelea la hoteli limefunikwa turubai. Watu wamevaa makoti, wanatembea haraka kutoka jengo hili kuingia jengo lile, na ndani hakuna dirisha wala saa ya ukutani, kuna zulia, moshi wa sigara na manukato waliyopuliza kuufunika. Kuna vikongwe wamekaa kwenye mashine na vigari vyao vya kutembelea, sawasawa na wazee wangu wa kazini, isipokuwa hapa hakuna wa kuwaambia muda wa chakula umefika. Nikavuta kiti nikakaa katikati yao.

Siku ya kwanza nikapata. Siku ya pili zikaondoka zile na zangu nyingine. Sitawatajia ni ngapi, mwekahazina atazimia.

Siku ya nne, asubuhi kule, kwetu jioni, simu ikalia. Mama yangu. Nikatoka mpaka kwenye maegesho ya magari ili kelele za mashine zisisikike.

"Mwanangu, uko wapi?" akaniuliza. "Mzee wa mtaa wa pili amemtuma mtu mara tatu. Anasema umekuja na masikio yake. Na mimi namjibu hujafika, halafu najiuliza, mbona mimi mwenyewe sina habari kwamba unakuja?"

Nikamwambia nilitaka kumshtukiza. Nikamwambia ndege ya kuunganisha imenikwamisha.

"Pole, mama," akasema. Ananiita mama, mimi mwanawe. "Basi nitawaambia umekwama. Kitanda nimeshakitandika."

Mngetegemea niseme kwamba hapo ndipo nilipozinduka. Hapana. Nilifuta machozi, nikarudi kwenye kiti, na kiti kilikuwa bado kina joto langu. Hicho ndicho ninachotaka mkijue kuhusu ugonjwa huu. Unalia kweli, halafu unaendelea.

Nikarudi Stockholm na sanduku la watu kama lilivyo. Nikawaandikia wote kwenye kundi letu la simu: ndege imenikwamisha njiani, sanduku limepotezwa na shirika, Dodoma sikufika, nimerudi nimevunjika moyo. Mkanitumia pole nyingi. Binti yangu alisoma ujumbe ule akiwa ukumbini kwangu, akanijibu kwa Kiswidi kama kawaida ya watoto wa huku, "Mamma, väskan står ju här." Mama, sanduku si hili hapa? Nikamwambia anyamaze. Akaniangalia, akaingia chumbani kwake, na kwa wiki nzima hakunisemesha kwa lugha yoyote.

Wiki mbili baadaye yule mzee wa mtaa wa pili akafariki. Kifua kilimbana.

Msiba ulikaliwa kule Alby, nyumbani kwa yule dada, binti yake. Na mimi nikaenda. Nikafunga kanga, nikaingia jikoni, nikapika chai ya watu arobaini kwa sababu ndiyo kazi yangu kwenye kila msiba. Nilikuwa napita na sinia nilipomsikia anawasimulia wanawake siku ya mwisho. Walimpigia kutoka hospitali ya kule nyumbani, ndugu yake akamwekea mzee simu sikioni. "Nikamwambia baba, ni mimi. Akasema, sema kwa nguvu. Nikapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Akasema, sema kwa nguvu mwanangu, sisikii. Akawa anarudia hivyo hivyo mpaka akachoka." Wanawake wakalia. Na mimi nimesimama na sinia.

Kulikuwa na ndugu yetu mmoja wa Kenya, mtu mzima, anafanya kazi ya mizigo uwanja wa ndege. Kwa huruma tu akasema mbele ya wote, "Hebu tutafute hii sanduku. Kitu ya marehemu isipotee. Mama, stakabadhi ya mzigo uko nayo?" Nikasema nimeitupa. Akasema, "Huwa wanabandika nyuma ya pasipoti." Mikono yote ikanielekea, watu wanasema leta, leta, Mungu mkubwa. Pasipoti ilikuwa mkobani. Nikampa. Nilidhani pale nyuma kuna tarakimu tu na mistari, tarakimu zitamwambia nini?

Akaisoma. Akaisoma tena. Akanirudishia, akasema nitaangalia kazini. Baadaye akanifuata kwenye ngazi.

"Mama, mimi husoma hizi herufi za viwanja vya ndege siku nzima," akasema polepole. "Hii sanduku haikuenda Tanzania. Ilienda Las Vegas. Na siamini ilipotea."

Nikamshika mkono, nikamwomba. Akautoa mkono wake taratibu.

"Mimi sitasema kitu," akasema. "Utasema wewe."

Kesho yake nikapanda treni ya mstari mwekundu na lile sanduku. Kutoka Skärholmen mpaka Alby ni vituo vichache, lakini siku ile nilitamani treni iharibike. Dada akafungua mlango, akaliona, akafikiri limepatikana. Alifurahi! Ndugu zangu, ile furaha ya sekunde mbili ndiyo adhabu yangu. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama koridoni. Akafungua zipu, akakitoa kiboksi, utepe wake uko vilevile mizunguko minne.

"Siku mama yako alipokupigia, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nacheza."

Akafunga mlango. Hakuupigiza. Aliufunga tu.

Mama yangu naye nikampigia nikamwambia. Akasema, "Kwa hiyo na mimi nimemdanganya mzee wa watu mpaka amekufa."

Mwezi ukapita. Siku moja dada yule akaja kwangu, hakuvua koti. Akasema, "Sijakusamehe, na usinisumbue kuniomba. Lakini kaa hapo. Toa simu. Piga ile namba ya msaada wa wacheza kamari, mbele yangu." Nikapiga. Nilikuwa nalia, Kiswidi kikanipotea, akaichukua simu akawaeleza yeye tatizo langu lote, bila kuongeza wala kupunguza. Kisha akanifungia kila mchezo kwenye simu ile. Kila Jumanne nikawa naenda kwenye kikundi cha watu wenye tatizo hili, na Jumanne nne za mwanzo alinisindikiza mpaka mlangoni, hatusemezani njia nzima. Sasa ni mwaka na miezi miwili sijabonyeza.

Namshukuru huyo dada. Namshukuru ndugu yetu wa Kenya aliyenifunika mbele za watu asinifunike mbele ya haki. Namshukuru binti yangu, ameanza kula chakula na mimi. Na kama kuna humu anayebonyeza chooni au kwenye basi akifikiri hamdhuru mtu, maana fedha ni zake, namwomba anisikilize: mimi pia zilikuwa zangu. Njoo uniambie leo kabla hujapata uongo mzuri wa kutumia.

Neno la mwisho nikae. Wiki ijayo ninakwenda Dodoma, safari hii kweli, kwenda kusimama kwenye kaburi la mzee yule na kumwangalia mama yangu usoni. Nilitangaza kwenye kundi wiki tatu zilizopita, kama desturi yetu. Hakuna aliyeniletea mzigo. Hata pakiti ya peremende. Silalamiki, nimewaambia tu ili mjue kwamba nimeona.