Mama Kenchi Anastaafu, Mapaa Bado Yamesimama

Tarehe 30 Juni, baada ya kuitumikia ofisi hii kwa miaka thelathini na mmoja, mhandisi mwandamizi wa kitengo cha miundo atarudisha funguo, kitambulisho na kofia ngumu ya saiti, na kustaafu kwa mujibu wa sheria. Sheria inasema umri umefika. Yeye anasema sheria haikumuuliza. Ofisi nzima inamfahamu kwa jina la Mama Kenchi, na hata barua ya kustaafu kutoka idara ya utumishi ilikuja na jina hilo kwenye mabano, jambo ambalo utumishi wamelikana.

Kwa wasomaji wa idara nyingine, hasa uhasibu, ambao hudhani sisi tunacheza michezo ya kompyuta siku nzima: kenchi ni ile fremu ya pembetatu nyingi inayobeba paa. Kabla haijachomelewa, mtu hukaa akaijenga kwanza ndani ya programu, kifundo kwa kifundo, yaani pale vyuma vinapokutana, na chuma kwa chuma. Huiwekea maegemeo yake, akaibebesha mabati, upepo na fundi mwenye vifaa vyake, kisha akaiuliza programu kama itahimili. Programu hujibu kwa namba. Kazi ya Mama Kenchi ilikuwa kutoziamini namba hizo mpaka zijieleze.

Hakuanza hivyo. Kompyuta ya kwanza ya kitengo ilipofika, ilipewa chumba chenye kiyoyozi kwa sababu ilikuwa ghali. Wahandisi, ambao walipatikana kwa bei nafuu, walibaki ukumbini na feni yao moja. Palipoulizwa nani anataka kujifunza programu ya kuchanganua boriti na kenchi, alinyoosha mkono kabla swali halijaisha. Ulikuwa mwezi wa joto. Anakiri kwamba hakujua programu ni kitu gani, ila kiyoyozi alikijua vizuri.

Boriti yake ya kwanza ndani ya programu alisahau kuiwekea maegemeo. Boriti isiyoegemea popote inaelea tu, na programu ya siku zile haikuwa na adabu ya kukataa. Ilipiga hesabu, ikachapisha jibu kwamba boriti imeshuka kilomita arobaini. Mkuu wa kitengo wa wakati huo, mzee ambaye hakucheka bila sababu ya kiofisi, aliisoma karatasi mpaka mwisho, akauliza kama wakazi wa huko chini wamearifiwa.

Liko pia suala la mfanyabiashara wa ghala. Programu inaweza kuonyesha jinsi jengo litakavyopinda, na ili jicho lione, picha hukuzwa mara mia mbili. Mama Kenchi, kwa nia njema kabisa, aliionyesha picha hiyo ukutani mbele ya mteja. Mteja aliona ghala lake limelegea kama kamba ya kuanikia iliyobeba blanketi bichi. Alisimama, akachukua kofia yake, akatoka. Alikamatwa kwenye maegesho ya magari, akaelezwa kwamba kupinda kwenyewe hakufiki unene wa kidole. Alirudi akasaini, lakini inasemekana mizigo yake mizito aliipanga yote ukutani na iko huko mpaka leo. Tangu hapo, picha ile haionyeshwi kwa mteja ambaye hajapewa chai.

Kamati ya jarida ilituagiza tutaje mafanikio. Tulimwandalia orodha nzuri yenye masoko, maghala, vituo vya mabasi na daraja la waenda kwa miguu ambalo lina picha kwenye kalenda ya ofisi. Alipopelekewa aiidhinishe, aliikata yote kwa kalamu nyekundu. Akasema tuandike habari ya bwalo, tena tusiipake sukari. Tulimkumbusha kwamba bwalo si mafanikio, bwalo ni kosa. Akajibu kwamba anajua, alikuwepo.

Basi, ili msomaji alielewe kosa hilo, hana budi kumjua mume wa mama huyu. Yeye ni fundi wa kuchomelea mwenye karakana yake, na kenchi huzitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, akazipandisha na kuzifunga. Kwa haki jina la kenchi lilikuwa lake. Watu humwita mume wa Mama Kenchi. Amelalamika mara nyingi na hakuna aliyemsikiliza.

Nyumbani kwao kulikuwa na sheria: mambo ya kazi hayavuki mlango. Sheria hiyo ilitokana na kenchi moja ya zamani, ambayo fundi, kwa moyo mzuri, aliiongezea chuma kimoja ambacho hakikuwa kwenye mchoro wa mkewe. Habari za chuma hicho alizisikia asubuhi, mchana na jioni mpaka msimu wa mvua ukaisha. Alikoma. Kuanzia hapo mchoro ukitoka kwenye meza ya mkewe, haongezi hata bolti wala hapunguzi.

Bwalo lenyewe lilikuwa la chuo, pana, lenye kenchi ndefu kuliko zote ambazo karakana ile ilikuwa imewahi kuziinua. Mama Kenchi alipoijenga kenchi kwenye programu, programu iligoma. Ilidai kwamba kenchi haijatulia, kwamba vifundo vyake vinaweza kwenda ubavuni. Kila mhandisi aliyewahi kukaa mbele ya skrini anaijua dawa. Kuna kisanduku, unakitia tiki, ubavuni panafungwa, programu inanyamaza, unaenda kunywa chai. Wala si udanganyifu. Bwalo likishakamilika, vyuma vinavyounganisha kenchi na kenchi ndivyo vinavyozishika zisilale. Kwa hiyo alitia tiki. Mkaguzi alikagua akaona namba ziko sawa, na kweli zilikuwa sawa. Karatasi ya maelekezo kwa mafundi aliiandika mwenyewe: simamisha kenchi ya kwanza, funga bolti za chini, achia kreni, leta ya pili.

Kwamba kenchi ya kwanza itakuwa peke yake juu ya nguzo, haina mwenzake wa kushikana naye, karatasi haikusema. Programu ilikuwa imejaribu kusema, ikanyamazishwa.

Asubuhi ya siku ya kusimamisha, Mama Kenchi alikuwa mezani kwake na kazi nyingine, banda la gereji. Programu ikagoma vilevile. Akasogeza kipanya kwenye kisanduku, kama kawaida, na sisi tuliokuwa karibu tuliona mkono umeganda. Alikuwa anajiuliza ni nani huko saiti aliyekwenda kuutia tiki ubavu wa kenchi ya bwalo. Jibu lilikuwa hakuna. Na mtu wa kwanza kupanda juu ya kenchi ile kuifungua kwenye kreni, kwa desturi ya karakana, alikuwa mwenye karakana.

Akapiga simu. Simu ya mumewe ilikuwa ndani ya koti, na koti lilikuwa kwenye msumari stoo, kwa kuwa fundi akiwa juu hapokei simu za nyumbani. Msimamizi wa saiti hakuwa hewani. Mama Kenchi alitoka bila mkoba. Dereva wetu wa ofisi, ambaye siku zote huendesha kama aliyebeba trei ya mayai, anasema siku ile mayai yalivunjika yote. Mama Kenchi ametuambia baadaye, bila kupindisha, kwamba njiani aliogopa, na kwamba hakuwa akiwaza hesabu hata kidogo. Alikuwa akiwaza kwamba mumewe hakuongeza kamba ya kuishikilia kenchi kwa sababu yeye ndiye aliyemfundisha asiongeze.

Walipofika, kenchi ilikuwa imeshasimama juu ya nguzo zake. Bolti za chini zimefungwa. Ndoano ya kreni bado inaishika kileleni, na fundi amekaa juu kama mtu aliye barazani kwake, mkono tayari kwenye mnyororo. Upepo ulikuwa mdogo, wa kupeperusha karatasi tu. Mwendesha kreni alikuwa na kazi nyingine inamngoja upande wa pili wa mji, na alikuwa amekwisha kupiga honi mara mbili kuwahimiza.

Mama Kenchi alivuka saiti akikimbia na viatu vya ofisini. Kimoja kilibaki kwenye zege bichi, na msimamizi amewahi kutuhakikishia kwamba bado kimo. Alipanda ngazi ya kreni, akashika mlango wa chumba cha mwendeshaji, akapumua.

"Usiachie," alimwambia. "Kosa ni langu, na mume wangu amekaa juu yake."

Mwendesha kreni alikuwa amejiandaa kugomba. Alimtazama, akamtazama mtu aliye juu, akaondoa mikono kwenye usukani, akatoa chupa yake ya chai akamimina. Ile kazi ya upande wa pili wa mji ilingoja.

Kumshusha fundi kulichukua muda, kwa sababu alitaka kwanza aelezwe. Alielezwa kwa ishara. Alishuka taratibu, akiwa amekasirika, mbele ya vijana wake wote. Kisha kenchi ilifungwa kwa waya nene pande zote mbili mpaka chini kwenye vigingi, na hapo tu ndoano ikaachiwa. Baada ya chakula cha mchana upepo ulikuja kweli. Waya za upande mmoja zilikaza mpaka zikawa zinavuma, za upande wa pili zikalegea, na mafundi wote waliacha kazi wakasimama wakizitazama. Kenchi haikwenda popote.

Kwa kuwa hakuna aliyeumia, hakuna aliyewahi kusikia habari hii. Ndivyo kazi yetu ilivyo: ukiharibu unaandikwa magazetini, ukizuia unaulizwa kwa nini umechelewa kurudi ofisini. Mama Kenchi alijiandikia ripoti mwenyewe kwenda kwa mkuu wa kitengo. Mkuu alihangaika nayo wiki nzima, maana ofisi ilikuwa na fomu ya ajali lakini haikuwa na fomu ya ajali ambayo haikutokea. Mwishowe ikawekwa kwenye faili la vifaa vilivyopotea, pamoja na kiatu.

Nyumbani mambo yalikuwa mazito zaidi. Mafundi walimtania mume kwamba mkewe amemfuata mpaka juu ya paa kumwita akale, na utani huo ulimchoma. Siku kadhaa akawa anajibu salamu tu. Kisha jioni moja alivunja sheria ya nyumba, akatandaza mchoro wa bwalo kwenye meza ya chakula, akamtaka mkewe amwonyeshe ingekwenda upande gani. Akaonyeshwa. Kisha akaomba aongezewe mchuzi. Tangu jioni ile wanazungumzia kenchi kila siku wakila, na binti yao wa pekee anasema ndipo alipoamua kuhamia kwa bibi yake na kusomea ususi. Alitaka kazi ambayo ikiharibika inafumuliwa.

Hapa ofisini pia mambo yalibadilika. Hakuna anayekitia tiki kisanduku kile bila kusimama mbele ya meza ya Mama Kenchi na kutaja kitu gani huko saiti, siku ya kusimamisha, kitaifanya kazi ya tiki hiyo. Kitu cha kushikika, mathalani waya, chuma au ukuta. Aliyewahi kujibu "mkandarasi ataona" alirudishwa akaianze kenchi upya tangu kifundo cha kwanza, na leo ni naibu mkuu wa kitengo. Wahandisi wapya hulalamika kwamba mambo haya yanachelewesha. Ni kweli, yanachelewesha.

Wiki iliyopita mume wake alikuja kumsaidia kufungasha vitu. Magoti yamemlazimisha kuacha kupanda, na karakana ameiachia vijana wake. Tulipokuwa tukimpa chai, mmoja wetu alimuuliza kama siku ile ya bwalo aliogopa.

"Mimi sikuogopa, sikujua kitu," alisema. "Nilichoona ni mke wangu anakimbia, na huyu hakukimbia hata siku aliyochelewa harusi yake mwenyewe. Lakini tangu siku ile kila paa nililopanda nimelipanda kwa amani, kwa sababu nilijua chini kuna mtu anaogopa kwa niaba yangu."

Mama Kenchi alimwambia aache maneno, abebe boksi la vitabu, na alinyanyue kwa uangalifu asije akaumia mgongo. Kisha alikwenda chooni akakaa huko kitambo, na aliporudi alisema kuna vumbi.

Kwa niaba ya menejimenti, kitengo cha miundo, dereva, na hata uhasibu, tunakushukuru, Mama Kenchi, kwa kila namba uliyoikatalia. Tunakuombea afya njema, asubuhi zisizo na haraka, na mume atakayekuongelesha habari za kenchi mpaka umwombe akapumzike. Miaka yote hii tumelala usingizi kwa sababu wewe uliogopa kwa niaba yetu. Kuanzia Jumatatu itabidi tuogope wenyewe, na kusema kweli tumeshaanza.