Mdaa Uliokauka Uani

Mheshimiwa Mkuu wa Tarafa, Bwana Musyoka. Sista Dorcas, msimamizi wa zahanati yetu. Wanakamati, wageni waalikwa, na wewe Mama Nyevu, mtunza bustani wetu ambaye leo tunakuaga: shikamooni.

Mimi Fumo, karani wenu, niliagizwa nisome sifa za mtunza bustani wetu. Nimeziandika, na ni za kweli. Ukame wa mwaka wa themanini na nne ulipokausha kila kitu uani, ni nani aliyeubakisha mdaa wetu, mti wetu wa dawa, na majani yake mabichi, kwa maji yaliyobaki baada ya wagonjwa kunawa? Nani hapa hajasugua meno kwa mzizi wake, au kunywa maji yake tumbo lilipomchafuka?

Lakini siwezi kuzisoma sifa hizo kabla ya kusema jambo jingine.

Mwaka jana Mama Nyevu alikwenda matangani kijijini Adu, majuma mawili. Aliniachia mdaa na sharti moja: mzizi huchimbwa upande wa kisima tu, shimo hufukiwa, na pande nyingine haziguswi mpaka mvua ipite. Nikasikia wageni wa wilaya wanakuja kutazama dawa zetu. Nikataka kuwajazia meza, nionekane. Nikachimba pande zote nne. Wageni walinisifu, na mdaa ukabaki kijani kana kwamba haukudhurika, nami nikajidanganya. Ulipokauka, Mama Nyevu alikuwa amekwisha kurudi.

Kamati ilipouliza, nani alinyamaza? Nani aliandika kwamba mtunza bustani amechimba kupita kiasi, akachapa barua ya onyo, akampelekea atie dole gumba? Ni mimi. Kazi yangu ilikuwa haijathibitishwa, nikaogopa kufukuzwa. Yeye akapoteza jina. Watu walimtania kwamba mkono wake unaua hata mchicha, na miche minne ya mdaa aliyotoka nayo Adu, kamati ikaikataa. Mpaka leo imo kwenye makopo, mlangoni kwake.

Aliponirudishia barua ile, aliniambia polepole, "Mwanangu, jembe langu nilikwenda nalo Adu." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Alijua, na hakunitaja kwa mtu. Tangu siku hiyo nikimwona anakuja, hugeuka nikajifanya natafuta faili.

Mheshimiwa, leo faili lenyewe ninalo mkononi. Naomba barua ile ya onyo iondolewe humu kabla Mama Nyevu hajavuka lango, na miche yake ipandwe pale atakapotuonyesha yeye. Nimechapa barua nyingine asubuhi. Maneno ni yale yale ya onyo, ila jina ni langu, nayo inangoja sahihi yako.

Mama Nyevu, siku ile sikukujibu. Nisamehe.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia mpaka hapa. Asanteni.