Kiti cha Katikati

Kwenye gari la abiria, Noah ya kwenda Mgori, Gulbanu aliketi kati ya watu wawili wasiojuana, nao wakawa wanazungumza mbele ya uso wake kana kwamba kiti kile hakina mtu.

"Shikamoo, babu," alisema Ritha, binti wa dirishani.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mjini unafanya kazi gani?"

Akaeleza kwamba ana mwezi mmoja tu kwenye kiwanda cha alizeti, na kazi yake ni kuhakikisha hakuna mfanyakazi anayetengwa kwa kabila, dini wala ulemavu.

"Hiyo nayo ni ajira?" mzee akashangaa. "Sisi tuliwakaribisha watu bure."

"Mliwakaribisha, babu, ila si wote."

Mzee akamtupia Gulbanu jicho, kisha akahamia Kinyaturu, kwa heshima, ili asimuudhi. Akasema hawa Wahindi, kwa mfano, hata ukiwakaribisha hawaji.

"Wewe umewahi kumkaribisha nani?" Ritha akauliza, kwa Kinyaturu chake cha kubabaisha. Wakabishana hivyo hadi Mgori, kwa raha zao, maana waliamini hakuna anayewaelewa.

Gulbanu alielewa kila neno. Kinyaturu alifundishwa dukani kwake na Amne, mteja wake kwa miaka thelathini, na hakuwa na mwingine wa kuzungumza naye lugha hiyo. Kila msimu wa mavuno Amne alimwambia, "Njoo kwangu Mgori." Kila msimu Gulbanu alijibu kwamba duka halina mtu.

Gari likasimama. Akashuka, akauliza kwa Kiswahili nyumba yenye msiba ni ipi.